Mnazi wa Kitovu Changu

Juzi hapa Mahajanga nilinunua tui la kopo. Usinicheke, rafiki yangu. Nilifungua, nikanusa, nikaliweka pembeni. Mtu aliyekulia juu ya mbuzi ya kukunia nazi hadanganyiki na kopo.

Mji huu tuliuhama mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka sita, tukaenda Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be. Koko, ndivyo sisi wa asili ya Ngazija tunavyomwita bibi, aliacha kitanda na vyombo, lakini hakuacha mche uliotokana na mnazi wa kitovu changu, ule uliopandwa pale kilipozikwa. Kwetu mtoto hahami akakiacha kitovu chake nyuma. Safari nzima niliupakata mimi. Chini ya majani niliona vidudu vyeupe kama unga, nikavipuliza, nikafurahi kuviona vikiruka.

Jirani aliyetupokea alikuwa mjane wa Kimalagasi, akiishi kwa minazi yake. Siku akipika mafuta ya nazi, harufu ilitufikia jikoni tukala wali mkavu kwa raha. Mche wetu ulipoanza kushika, aligeuza jani, akasema hajapata kuviona vidudu vile, heri tuuchome.

"Kitovu cha mtoto hakichomwi," koko akamjibu.

Jirani aliinamisha kichwa. Kwa watu wa kule, mwiko wa mwenzio unauheshimu kama wako. Hakuugusa tena.

Vidudu havikuheshimu kitu. Mwaka baada ya mwaka vilihamia minazi yake, vikadondosha utamu unaonata, juu yake ikaota kuvu nyeusi, makuti yakawa kama masufuria yasiyosuguliwa. Sisimizi wakajaa. Ndege chozi waliojenga humo wakatoweka. Hata mdimu uliokuwa chini ya minazi hiyo ukawa mweusi, na nazi zikapukutika zingali changa. Nilisugua majani niliyoyafikia kwa maji ya sabuni huku nalia, maana nilijua ni nani aliyevipakata.

Mnazi wa mwisho wa jirani ulipokauka, koko alikwenda mlangoni kwake kuomba kiberiti. Alipewa. Tukauchoma wangu, wakati hapakuwa tena na wa kuokoa.

Mwaka jana nilirudi Ambanoro. Shamba ni nyasi tupu, na mafuta watu wananunua dukani. Jirani amekwisha kufa. Maisha yake yote hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.