Anayeifundisha kompyuta ya kliniki kusema saa mbili

Saa kumi na moja alfajiri inakaribia. Ukumbi wa kliniki unanuka sabuni ya sakafu na mabenchi yote yako wazi. Mwanamke mwenye sweta ya kijivu amesimama mlangoni, mkono kiunoni, macho getini.

"Jana alfajiri hakuja mtu?" anamwuliza mlinzi.

"Nimeshakuambia, Dada Saa. Alikuja paka."

Dada Saa ndilo jina alilopewa kazini. Ni fundi wa kompyuta wa kliniki hii, na zamu yake haianzi hadi saa mbili. Leo amewahi kwa sababu juzi mashine yake iliwatumia watu sita ujumbe wa simu, waje kupimwa damu kabla ya kula. Wasipofika leo, kazi aliyoihangaikia itafutwa.

Zamani ujumbe uliandikwa "8:00". Kwa kompyuta hiyo ni asubuhi. Kwa mama aliyeko jikoni kwake ni saa nane, baada ya chakula cha mchana. Watu walikuja mchana wakakuta daktari ameshaondoka.

"Halafu wao ndio wanaomba radhi," anasema Dada Saa. "Mtu amesoma vizuri kabisa, anaomba msamaha. Iliniuma."

Kompyuta ya kliniki inatumia mfumo wa Linux. Ndani yake, anaeleza, kuna hesabu moja tu ya wakati, ileile dunia nzima. Programu ikitaka kumwambia mtu ni saa ngapi, huangalia kwanza imepangiwa ukanda gani wa saa.

"Ukanda ni kama miwani," anasema. "Ile ya ujumbe nimeivalisha miwani yake peke yake. Nyingine zinaona kama kawaida."

Kwenye mstari unaowasha programu ya ujumbe aliongeza maneno machache ya kuiambia isome saa sita nyuma. Saa 8:00 ikawa 2. Saa 10:00 ikawa 4. Saa ya kompyuta yenyewe hakuigusa, maana dawa na zamu za wauguzi zinaitegemea.

Watu wakaanza kufika kwa wakati. Kisha kikaletwa kipimo cha alfajiri, kwa kuwa gari linalopeleka damu maabara huondoka jua likichomoza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ukirudi saa sita nyuma kutoka alfajiri, unavuka usiku wa manane na kuangukia jana. Saa ilitoka sawa, siku ikatoka ya jana. Seremala mmoja mstaafu, mgonjwa wa sukari, alitakiwa Jumanne akaandikiwa Jumatatu. Alikuja na njaa yake, akakuta hakuna muuguzi wala gari. Akaambiwa siku yake ni kesho. Akarudi nyumbani, akala, jioni akafunga tena.

"Nililala na njaa mara mbili," seremala huyo alisimulia. "Nikamwuliza huyo fundi, mwanangu, mimi na hiyo kompyuta yako tumegombania nini?"

Dada Saa alimfuata hadi kwake kumwomba radhi. "Alicheka tu," anasema. "Angenigombeza ningepata nafuu."

Daktari mkuu hakucheka. Mgonjwa wa sukari kukaa na njaa bure ni hatari, alimwambia. "Nakupa nafasi moja. Ikikosea tena, tunarudi kwenye 8:00 na kila mtu ajijue."

Sasa programu inausoma wakati uleule mara mbili. Kwanza inausoma kwa ukanda wa hapa na kuchukua siku. Halafu inausoma kwa ukanda wa nyuma na kuchukua saa, basi. Dada Saa aliijaribu kwa kila saa ya mchana na usiku, mumewe akimsomea majibu kwa sauti.

Mumewe ni fundi cherehani, na ana lake la kusema. "Saa ya ukutani kwetu imekufa tangu mwaka jana. Mwenzangu anahangaika na saa za watu!"

Geti linalia. Anaingia mama aliyeshikwa mkono na dada yake, halafu dereva wa lori mwenye kofia, naye wa kupimwa, halafu watatu kwa mpigo. Muuguzi anachoma sindano, anabandika majina kwenye vichupa. Nje gari limeshawashwa.

"Mmoja bado," anasema muuguzi. "Yule babu seremala."

Dada Saa anatoka hadi getini, anachungulia barabara, anarudi. Anatoka tena.

Mara inaonekana kofia ya sufu, na chini yake mzee anayetembea polepole akiwa amefunga koti hadi shingoni.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Haya niambie mapema, leo ni leo, au nirudi kesho?"

"Leo ni leo, babu. Ingia, ingia upesi."

Mlinzi anacheka hadi anashika geti. Daktari mkuu anapita ukumbini na mkoba wake, anawatazama watu sita waliokaa na pamba mikononi.

"Acha hivyohivyo," anamwambia Dada Saa, na kuingia ofisini.

Dada Saa anakaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu afike. Ana mpango mwingine. Seremala ana binti anayefanya kazi ng'ambo ya bahari, ambako sasa hivi bado ni jana jioni. Naye anataka ujumbe, ampigie baba yake kumkumbusha asile. Dada Saa anataka kila namba ya simu iwe na ukanda wake, baba aandikiwe kwa saa yake na binti kwa yake.

"Nipe miezi michache," anamwambia mzee. "Hata mwanao atajua lini unapimwa."

"Sawa," anasema seremala, akibonyeza pamba yake. "Ila mwandikie pia nikishamaliza kupimwa. Yule akianza kunikataza kula, hajui kuacha."