Chiku na Mnyama wa Miguu Saba

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Chiku nilimwonea wivu, tena wivu wa kunikosesha raha ya chakula.

Tulikuwa walimu wawili wa chekechea pale Usagara, miaka ile ya foleni, sukari mpaka kibali cha balozi wa nyumba kumi, na unga wenyewe ule wa mahindi ya njano ya msaada, tuliouita yanga. Chaki hakuna, vitabu vya picha ndiyo usiulize. Mimi Mwanamkasi, mtu wa mjini, niliwakaririsha watoto a, e, i, o, u. Chiku, binti aliyeshuka juzi tu kutoka milimani Amani, akaokota kipande cha mkaa, akachora kichwa sakafuni, akawauliza watoto huyu ni nani. Mmoja akamtia masikio ya mbuzi. Mwingine akampa miguu saba. Wa tatu akasema mnyama huyo anakula foleni: akifika dukani anawameza watu wote, mama yake huyo mtoto anabaki peke yake na sukari yote.

Darasa langu likahamia dirishani kwake. Na mwanangu Shadya, wa miaka mitano, ambaye kwangu hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona, kule akawa bingwa wa maneno. Nyumbani ni Mwalimu Chiku hivi, Mwalimu Chiku vile. Loo, niliungua! Uchungu wa kuzaa niuone mimi, maneno ya mtoto ayapate mwingine.

Sasa, kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Wazee walituambia anayehadithia jua likiwaka huota mkia. Chiku alihadithia saa tatu asubuhi, na hapo nikapata pa kumshikia. Nikawapitia kina mama kwenye foleni ya sabuni, nikawaeleza, kisha nikaongeza chumvi: mkia si kitu, mtoto akihadithia mchana mama yake hufa. Hilo la kufa nililitunga mwenyewe, palepale foleni.

Wiki haikwisha, kina mama wakamjia juu mwalimu mkuu. Chiku akaambiwa aache kazi. Hakubishana, ila alinifuata mlangoni.

"Dada Mwanamkasi, mimi nimekukosea nini?"

Nikamjibu kwamba mila ni mila. Akafunga kifurushi chake, akarudi kwao. Miaka ya baadaye, biashara zilipofunguliwa, nilisikia anauza mitumba Muheza, na kwamba watoto wa wateja hawabanduki kwenye meza yake. Hata hilo liliniuma.

Lakini siku ile alipoondoka nilifurahi, sikatai. Watoto wote walikuwa wangu. Kesho yake nikachukua mkaa, nikachora kichwa, nikauliza huyu ana miguu mingapi. Watoto wakasogea nyuma, mbali na mchoro. Nikamgeukia Shadya. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika. Nikamvuta kando, nikamwuliza ana nini.

"Sisemi, mama. Nikisema utakufa."

Nikamwambia ni uongo, hakuna anayekufa, nimeutunga mimi mama yako. Nikamwapia. Akatikisa kichwa, mikono ikabaki palepale mdomoni.