Vitambaa vya Moto vya Papa Alexis

Siye tuliokulia kwenye kambi ya wakimbizi, kule nyuma ya Nchelenge, tulifundishwa mapema kutoamini. Mugeni akikupa andazi, unalipeleka kwanza nyumbani linuswe. Maji ya ziwa la Mweru tuliyanywa bila swali, lakini mutu aliyekuja na dawa aliulizwa mpaka kijiji cha mama yake. Na mwenye kuuliza kuliko wote alikuwa nkambo yetu, mama aliyemuzaa baba.

Asubuhi tulikula bukari, ule ugali wa jana, iliyochomwa juu ya mbaula ya makaa, kisha tukaenda masomo miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Mchana tulirudi tukipita kando ya chisense, wale samaki wadogo kama sindano, wametandazwa juani, na harufu yao ikatuingia kwenye nywele. Nywele zangu alizisuka mama kila Jumamosi, mimi nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, nikilia kwa sababu alivuta sana.

Halafu bega lake likakataa. Siku tuliyokimbia Congo, mota ya mtumbwi ilizimika katikati ya ziwa, na mama ndiye aliyepiga kasia muda mrefu kuliko wote. Kuanzia hapo bega la kuume lilimuuma bila kupumzika. Kliniki walimupa vidonge. Maumivu yalipungua, yakarudi. Alishindwa kutwanga muhogo. Alishindwa kuinua mkono kufikia kichwa changu. Nikawa nasukwa na nkambo, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, na shuleni walicheka mistari yangu iliyokwenda kila upande.

Ndipo akaja Papa Alexis, jirani yetu, mwanaume murefu wa maneno machache. Alisema kule Lubumbashi alitumika miaka mingi nyumbani kwa muzee mumoja wa Tibet, inchi ya milima ya barafu, ambaye alitibu maumivu kwa joto. Alitoa vifundo viwili vya kitambaa cheupe, kila kimoja kama yai la kuku, vimejazwa kitu ndani. Alivichovya kwenye mafuta ya moto, akavijaribu kwanza kwenye mukono wake mwenyewe, kisha akavikandamiza polepole kwenye shingo ya mama, kwenye bega, kwenye viganja na utosini.

Nkambo alikaa mbele ya Papa Alexis kama askari.

"Bega ndiyo inauma," alisema. "Utosi unatafutia nini?"

"Njo vile. Ndivyo muzee alinifundisha, mama."

"Na hivi vitambaa, ukimaliza unavipeleka wapi?"

"Kwangu. Ninavianika."

Nkambo alitoka kwenda kwa majirani, na usiku ule ule habari ilikuwa imezunguka nyumba zote za mustari wetu: Papa Alexis anaondoka na jasho la batu. Kwetu, mutu akibaki na jasho lako, anaweza kukufanya lolote. Wengine walisema anauza nguvu za wagonjwa ng'ambo. Mimi niliamini yote. Kila alipokuja mchana nilikuwa nachungulia mifuko yake.

Siku ya nne nkambo aliniita nyuma ya nyumba. "Mufuate. Ukiweza, leta kimoja."

Nilimufuata mpaka ufukweni. Alinawa mikono, akaweka vifundo juu ya mukeka wa matete, akashuka kuchota maji. Nilichukua kimoja nikakimbia mpaka nyumbani. Nkambo alikipasua kwa kisu cha samaki. Zikamwagika mbegu ndogo za kahawia, na unga wenye harufu tamu. Aliunusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hii ni bintu ya kutia mu chai," alisema mwishoni, na uso wake ulikuwa wa mutu aliyenyang'anywa kesi.

Kabla hatujaokota, kuku walikuwa wameshafika.

Kesho yake Papa Alexis alikuja na kifundo kimoja. Alimwambia mama kwamba kingine kimepotea, na ule unga wa kungumanga ndani yake aliutoa Lubumbashi, hapa Nchelenge haupatikani. Donc, kwa hiyo, sasa kazi itachukua siku nyingi. Mama alikuwa ameanza kuinua mukono mpaka kwenye kidevu. Niliutazama ule mukono, nikataka kuzama ardhini.

Nkambo alisimama. "Ni miye nilimutuma huyu mutoto aibe. Nilikushuku."

Mama aligeuza uso ukutani. Papa Alexis aliniangalia, sikuweza kumuangalia.

"Hata miye nilipasua kifundo cha muzee, wiki ya kwanza," alisema. "Alinipikia chai na unga yake."

Aliomba chumvi. Aliikaanga, akaifunga kwenye kipande cha kitenge, akaendelea, chumvi upande huu, kile kifundo upande ule. Alikuja kila mchana mpaka mvua zikaisha. Jumamosi moja mama aliniita nikae katikati ya magoti yake. Alisuka mistari mitatu, akapumzika, akasuka mingine. Sikulia hata alipovuta.

Nkambo alikufa akisema ni vidonge vya kliniki vilivyoponya bega. Mama anasema ni moto. Mimi mpaka leo sijui. Pengine ni yule mutu aliyekaa saa nzima kila siku, akiuliza kila dakika kama inaunguza. Papa Alexis alirudi Congo na wale wa kwanza kurudi, hatukusikia tena habari yake.

Sasa mama ni muzee, na maumivu ya bega yameamka tena. Binti yangu alimuletea mukanda wa umeme wa kupasha joto. Video kwenye simu ilisema ni siri ya Tibet. Nilimuuliza nani aliyeutengeneza. Hajui. Umejazwa nini ndani? Hajui, na akanishangaa kwa nini nauliza. Watoto wa leo, ukiwaonyesha jirani wanafunga mulango. Ukiwaonyesha video wanafungua mukoba.

Mama aliuvaa mchana mumoja, binti yangu akiwa mezani na simu yake, mimi nikichambua chisense uani. Enzi zile uchungu wa mutu mumoja ulijaza nyumba: mumoja anakanda, mumoja analinda, mumoja anaiba. Niliingia kumuuliza kama bega limepoa.

"Joto iko," mama alisema. "Batu njo hawako."