Pedeli Iliyoshinda Kesi

Tumainieli wa Mbaga alikuwa na neno moja alilowapimia binadamu wote, nalo ni "hajui." Mchungaji akirefusha mahubiri, Tumainieli alitoka kanisani akisema hajui. Seremala Hezroni aliyemtengenezea mlango wa nyumba, hajui. Wakulima wa mpunga wa Ndungu hawajui, watu wa Makanya na vumbi lao hawajui, na kuhusu mji wa Same alikuwa akisema Mungu aliuweka kule chini ili watu wa mlimani wapate mahali pa kutemea mate. Ukimuuliza basi ni nani anayejua, alikusonya tu. Mwenye kujua alikuwa amesimama mbele yako na koti lake la jeshi, ufunguo wa lori ukining'inia shingoni kwa kamba ya katani.

Tusimwonee, kuendesha alijua. Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimekwisha miaka michache nyuma, na wakulima wa kahawa wa Mbaga walikuwa wamejichanga wakanunua lori kuukuu la jeshi. Mwenyekiti wao, Mzee Ebenezer, alimpa Tumainieli ufunguo kwa sababu ndiye aliyerudi vitani na ujuzi wa usukani. Barabara ya kupanda kutoka Same ilikuwa na kona ambazo lori haliwezi kuzikata kwa mkupuo mmoja. Dereva hukanyaga klachi, hurudi nyuma mpaka matairi yachungulie korongo, hukanyaga tena, ndipo asonge mbele. Tumainieli alizipita huku anatafuna muwa. Watu waliokuwa mashambani walimpungia mkono, naye hakumpungia mtu.

Basi klachi ya lori ikaisha, kama vitu vyote vinavyoisha, na hapakuwa na wa kuibadilisha ila Isihaka.

Isihaka alikuwa fundi pale Same, na karakana yake ya mabati ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Naye kwa dharau hakuwa mtoto. Watu wa mlimani aliwaita mbuzi wenye makoti, na aliapa kwamba hatapanda mlima ule maisha yake yote, kwa kuwa mgonjwa ndiye anayemfuata mganga. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini shida ya klachi iliwaweka hawa zizi moja kwa juma zima, na walioshuhudia wanasema hawakuambiana hata "pole na kazi."

Kazi yenyewe ilifanyika vizuri, hilo lazima lisemwe. Ila sakafu ya mbao iliyokuwa chini ya miguu ya dereva ilikuwa imeoza, ikavunjika wakati wa kuing'oa. Isihaka alitaka kuweka bati, alikate tundu pana la kupitisha pedeli, yaishe. Lo! Tumainieli alimtazama kama anayetazama kitu kilichonasa chini ya kiatu. Tundu pana lipandishe vumbi lote la Same mpaka magotini mwake? Akaleta kipande cha ubao wa mkaratusi, masalio ya ule ubao uliotengeneza mlango wa nyumba yake, akaazima msumeno, akaukata mwenyewe juani. Mwanya wa pedeli aliubana hata mende asingepita. Isihaka alisema mwanya ule ni mdogo mno. Tumainieli akamjibu kwamba mwenye spana ashike spana. Kisha akafunika ubao wake kwa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, akakaa kwenye kiti kama bwana harusi.

Pale Same pedeli ilikuwa laini. Kufika kijiji cha Mwembe ilikuwa bado laini. Lakini alipoingia kwenye ukungu, barabara imelowa na magurudumu yanarusha maji chini ya sakafu, mguu wake ukaanza kusikia uzito. Kufika kona za juu, alikuwa akisimama juu ya pedeli kama anayekanyaga udongo wa kukandikia nyumba, na akiiachia inapanda kwa uvivu. Muwa aliutupa nje.

Safari iliyofuata alilipeleka lori moja kwa moja kwa Isihaka na kumwambia kazi yake ni takataka. Kuteremka kwenye joto lile, halafu lori likae juani mchana kutwa fundi akimaliza chai yake! Isihaka akaja, akaibonyeza pedeli kwa kiganja, ikashuka kama siagi. Hata hivyo aliingia uvunguni. Alikagua fimbo inayovuta klachi, akatia grisi kwenye ekseli ya pedeli, akapima nafasi ya mchezo wake, akatoka akisema ni nzima. Tumainieli akapanda mlima, pedeli ikawa jiwe. Akashuka tena, ikawa siagi. Mara ya tatu Isihaka alitaka kuifunua ile ngozi ya mbuzi atazame kwa juu, na Tumainieli akampiga kibao mkononi, akasema sakafu ni kazi yake yeye, fundi haimhusu.

Hapo ndipo Isihaka aliposema lile neno. Alilisema stesheni, abiria wa treni wakisikia, wachuuzi wa ndizi wakisikia. "Pedeli ni nzima. Kibovu ni huo mguu. Mguu wa mzazi huo, mpelekeni akanywe uji."

Sasa watu wetu mnawajua. Mpare ukimkanyaga kidole sokoni, kesho mko barazani, na keshokutwa ameuza ng'ombe ili kesi isife. Tumainieli hakurusha ngumi. Alipanda lori lake, akaenda kumshtaki Isihaka kwenye baraza la mfumwa, yaani mtawala wetu wa kule juu, kwa kumwita mwongo na mwanamke mzazi. Na haikuwa aibu peke yake iliyomsukuma. Mzee Ebenezer alikuwa amekwisha kumwambia, kwa upole wake ule unaouma kuliko matusi, kwamba ikiwa ni mguu, waseme mapema, kahawa haiwezi kungoja mguu upone, na kuna kijana anaitwa Reginald anayebeba mpunga Ndungu ambaye yuko tayari kushika ufunguo. Dereva wa mpunga! Mtu ambaye mlima aliouona maishani ni kichuguu! Tumainieli hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Kesi ikapangwa katikati ya masika. Asubuhi ya siku ya baraza mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na mlango wa nyumba yao ulikuwa umekwama. Ulikwama kila masika. Mkewe, Raheli, alikuwa akiuvuta kwa mikono miwili kutoka ndani, naye Tumainieli akiupiga teke kutoka nje huku akimtukana seremala Hezroni kwa mara ya mia. Ulipofunguka, alisimama pale ameshika ukingo wa ubao. Alipitisha kidole mahali ulipokuwa ukisuguana na fremu. Ulikuwa umevimba, unyevu, unang'aa kwa kusuguliwa. Mkaratusi. Ubao uleule.

Alikwenda kwenye lori, akainua ngozi ya mbuzi, akatazama. Ubao ulikuwa umeibana pedeli pande zote mbili kama midomo ya mtu aliyekataa kusema, na chuma kilikuwa kimechimba alama pale kinapopita. Kupiga randa kidogo tu kungetosha. Alirudi ndani, akalichukua randa chini ya kitanda, akafika nalo mlangoni.

Raheli alimwona. "Baba Anaeli, leo umekumbuka kuuranda mlango?"

Akasimama. Jamani, hebu mtazameni, mtu mzima amesimama na randa mkononi, nusu nje nusu ndani. Akiuranda ule ubao, wazee wataibonyeza pedeli na kuikuta laini, na Isihaka atacheka mpaka Same, na ufunguo utakwenda kwa Reginald. Akisema ukweli, ni yeye aliyekata ule mwanya, ni yeye aliyeambiwa ni mdogo, ni yeye asiyejua. Asiyejua! Bora afe. Akamwambia mkewe mlango ataurekebisha kesho, akalirudisha randa chini ya kitanda. Raheli alimtazama, akatazama lori, akatazama ukingo wa mlango. Hakuwa mjinga yule mama. Alijifunga khanga akaenda zake jikoni.

Baraza lilijaa. Isihaka alivunja kiapo chake akapanda mlima kwa mara ya kwanza, amejifunga blanketi, meno yanagongana kwa baridi, na watu walimcheka waziwazi. Mfumwa akaamuru pedeli ikanyagwe. Wazee wakapanda mmoja mmoja, wengine kwa kusukumwa matakoni, wakakanyaga, wakaguna. Mzee Ebenezer alikanyaga kwa miguu yote miwili. Mwisho akapanda Isihaka. Aliweka kiganja, haikushuka. Akakaa kwenye kiti, akakanyaga kwa nguvu zake zote, ikashuka nusu. Uso ukambadilika. Alishika chuma cha pedeli akakitikisa kushoto na kulia, hakikutikisika, kisha akaitazama ngozi ya mbuzi muda mrefu. Akawaomba wazee ruhusa afunue sakafu, dakika chache tu.

Tumainieli akasimama, na watu waliokuwapo wanasema hajawahi kuonekana mrefu vile.

"Mtu aliyeuita mguu wangu mguu wa mzazi hatagusa gari hili tena. Wazee wangu, niko radhi niikanyage hivihivi ilivyo mpaka siku ya kufa."

Wazee walipendezwa sana. Wazee wetu hupenda maneno ya namna hiyo kuliko chakula. Isihaka akahukumiwa alete mbuzi, na aseme mbele ya watu kwamba pedeli ni ngumu na mguu ni mzima. Akasema, na mbuzi akaahidi kumleta. Lakini alipokuwa akiondoka alipita kwenye dirisha la lori, Tumainieli yumo ndani amejitanua, akamwambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ushindi huu, bwana, utaukanyaga mwenyewe."

Na aliukanyaga. Mnadhani angeuranda ule ubao siku ya pili yake, mwezi wa pili wake? Asingeweza. Pedeli ilikuwa imekuwa shahidi maarufu. Hapakuja mgeni Mbaga, awe karani au shemeji wa mtu, asiyepelekwa kuikanyaga pedeli iliyomshinda fundi wa Same. Mzee Ebenezer mwenyewe aliwaongoza, akijisifu kuwa dereva wao ana mguu wa chuma. Ingelainika ghafla bila fundi kuigusa, wangeuliza imelainikaje. Na Tumainieli, ambaye angeweza kujibu swali lolote duniani kwa kusonya, lile asingeweza kulisonya.

Basi masika yakaja na vuli ikaja, naye anakanyaga. Kiangazi ubao ulimpa nafuu kidogo, mvua zikirudi ukamnyang'anya. Goti likaanza kuvimba. Jioni Raheli alilikanda kwa maji ya moto na chumvi, kimya, na kimya chake kilimwuma Tumainieli kuliko goti. Akawa anatembea kwa kuuburuta mguu, na watoto wa shule wakajifunza kumwigiza. Naye akazidi kuwadharau watu. Ala, kumbe dharau nayo ni kama ulevi, kadiri inavyokudhuru ndivyo unavyoitaka.

Ilikuja siku kwenye kona ya juu, mvua inanyesha, amerudi nyuma kama kawaida yake, na mguu ukakataa. Uliteleza kwenye pedeli. Lori likaserereka mpaka gurudumu likazuiwa na jiwe moja, na magunia ya kahawa ya watu yakaporomokea korongoni. Hakufa mtu. Mzee Ebenezer alikuja kesho yake, akampa pole, akanyoosha mkono. Tumainieli akaivua ile kamba ya katani shingoni, na ufunguo ukaenda kwa dereva wa mpunga.

Reginald hakuwa na makuu. Siku yake ya kwanza aliitoa ile ngozi ya mbuzi kwa sababu ilikuwa inanuka, akauona ubao, akaazima randa kwa seremala Hezroni. Kabla hajamaliza wimbo aliokuwa akiuimba, pedeli ilikuwa siagi.

Mvua ilikuwa ikinyesha Mzee Ebenezer alipokuja tena kwa Tumainieli. Mlango ulikuwa umekwama, yeye akausukuma kutoka nje na Raheli akauvuta kutoka ndani. Tumainieli alikuwa amekaa, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Ebenezer hakukaa. Akatoa mfukoni tambaa, akalifungua. Ndani mlikuwa na maranda ya mkaratusi, yamejikunja, upande mmoja meusi kwa kusuguliwa na chuma. Akaeleza aliyoyaonyeshwa na Reginald. Akasema yeye mwenyewe alikanyaga pedeli ile barazani, akamla mbuzi wa Isihaka, akawatembeza wageni. Kisha akauliza jambo moja tu. "Mwanangu, ulikuwa unajua?"

Mvua ilisikika juu ya nyasi za paa. Akisema alijua, basi alimdhulumu mtu mbele ya baraza, akamfanya mwenyekiti wake mwongo, na kahawa ya watu imo korongoni kwa ajili hiyo. Alimtazama Raheli, akidhani labda atamsaidia. Raheli alikuwa anatazama mlango.

"Sikujua," akasema Tumainieli.

Ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake kilekile. Mzee Ebenezer alitikisa kichwa, akalikunja tambaa lake, akaaga. Raheli akainama, akalivuta randa kutoka chini ya kitanda, akapuliza vumbi.

"Sogeza huo mguu," alimwambia mumewe. "Nauranda mlango. Huu tunaujua."