Sufuria Iliyonyamaza

Mtaani kwetu San Antonio, wa kunizidi kula tamale hajazaliwa, na mamake hajaolewa. Kwa hiyo habari za jiko la Mama Cuca niulizeni mimi, msiulize wapambe.

Mama Cuca aliendesha basi la shule mpaka akastaafu. Wenzake wakistaafu wanafuga paka. Yeye kahamia ukumbi wa kanisa: leo anafundisha ngoma za Jalisco walikotoka wazee wetu, kesho maua ya karatasi ya kuwapambia marehemu, na kila Desemba tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwenye maganda na kuiva kwa mvuke. Wanakuja watoto wetu waliosahau Kihispania, wanakuja Wazungu, anakuja hata jirani yangu Mvietinamu, Bwana Thanh, anayefunga maganda ya mahindi vizuri kuliko mke wangu. Msimwambie.

Kila mwaka anaanza hivi: "Hizi alinifundisha mama yangu, kwenye jiko la kuni." Watu wanafuta machozi.

Uongo. Mama yake alikufa Cuca bado ananyonya. Aliyemfundisha ni dada yake Tola, aliyeacha shule ili amlee. Sisi wa zamani tunajua, lakini nani atamkata mtu kauli na tamale ziko jikoni? Aliusema mara moja, watu wakapiga makofi, ukanasa kama ulimbo.

Desemba hii Tola akaja. Hajawahi kuja. Akakaa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Cuca akamwona. Nikadhani leo atanyoosha maneno. Wapi! Akasema tena, sauti chini: "Hizi alinifundisha... mama yangu." Tola hakupepesa jicho.

Sufuria ikapanda motoni. Tukangoja, tukafunua: unga mbichi, unanata. Tukafunika, tukangoja tena. Bado.

"Humu ndani kuna mtu ana kinyongo," akasema Chabela, jirani yetu. Kwetu hilo halina ubishi: tamale hazikubali kuiva penye hasira. Dawa yake ni kuichezea sufuria. Nikaichezea mpaka Bwana Thanh akaniuliza kama nimeumwa na nge.

"Wewe Poncho kaa chini," Chabela akacheka. "Zinakuogopa!"

Cuca hakucheza. Alikuwa anasugua meza iliyokwisha takata. Mwishowe akavua aproni, akaiweka mezani.

"Acheni, jamani. Kosa ni langu." Benchi la nyuma hakulitazama. "Mama simkumbuki hata sura. Aliyenifundisha ni dada yangu yule pale. Kanilea, na mimi kila Desemba namzika mbele yenu akiwa hai."

Tola akainuka, akaja taratibu, akatega sikio kwenye sufuria.

"Sarafu ulitia?"

"Nilitia, dada."

"Unaisikia?"

Cuca akasikiliza. "Hapana."

"Basi maji yamekauka, mjinga wewe. Shukuru hazijaungua. Mimi nilikufundisha nini?"

Sarafu hukaa chini kabisa. Maji yakichemka inagonga, yakiisha inanyamaza. Cuca anajua hilo tangu utotoni. Ila siku ile masikio yake yote yalikuwa benchi la nyuma.

Tola akaongeza maji kupitia pembeni mwa sufuria. Sarafu ikaanza kugonga. Zikaiva.

"Dada," Cuca akanong'ona, "umenisamehe?"

Tola akatafuna, akatafuna. "Chumvi haitoshi. Unga uliobaki uko wapi?" Akaichukua ile aproni, akajifunga kiunoni.

Cuca akaleta chumvi kwa mikono miwili, macho chini. Tamale hakugusa hata moja. Zake alinipa mimi, na mimi bingwa nikashindwa kumeza.