Mti wa Tatu Kutoka Langoni

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kuchota udongo, kiganja kimoja tu, nikapotea katika bustani niliyocheza humo utoto wangu wote. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenituma. Anaumwa, yuko mbali, na madaktari wameanza kusema naye kwa upole mno. Anataka azikwe na udongo wa mahali kilipozikwa kitovu chake.

Kama ulikulia kwetu, ndugu yangu, utazikumbuka Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. King'ora cha kampuni ya migodi kikilia, mtaa mzima ulitoka na majembe na mafagio kusafisha bustani. Maua ya mijakaranda yalitutelezesha miguu. Mimi nilibeba dumu la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikidokoa povu njiani.

Jumamosi moja kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuja na kitovu cha mdogo wangu, aliyekuwa bado mchanga, ndani ya kitambaa. Desturi ni kukizika nyumbani, lakini nyumba yetu ilikuwa ya kampuni.

"Baba yako akipoteza kazi, batatufukuza," alininong'oneza. "Parke ni ya bote. Nani atakuya kuchimba mule?"

Akachimba mbele ya watu wote, chini ya mti wa tatu kutoka langoni. Msimamizi akadhani ni bidii ya kazi, akapaza sauti kumsifu: "Muangalie ule mama! Njo salongo ile!" Nilicheka hadi nikamwaga munkoyo, nikala kofi.

Sasa lango halipo. Kuna turubai la kanisa, viwanja vilivyopimwa kwa kamba, na wauza makala, yaani mkaa. Nilihesabu visiki vya mijakaranda kuanzia barabarani, nikarudia kuanzia shuleni. Lango lilikuwa upande gani? Sijui, kweli sijui. Nilikikasirikia kichwa changu, nikamkasirikia na kambo.

"Uko natafuta nini, mama?" muuza makala mmoja akaniuliza. Nikamweleza. Akasogeza gunia lake, akaniazima kopo.

"Beba tu. Bamekwisha kuuzisha parke yote."

Nikachota kidogo kwenye kila kisiki, hadi mfuko ukajaa udongo mweusi wa vumbi la makala.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. "Ulipata?"

"Nilipata. Pa muti ya tatu."

Akauliza tena: "Bado iko na maua?"

"Iko nayo," nikamwambia. "Leo nimeteleza."