Jicho la Kushoto la Bi Almeda

Verna Colby alikuwa na jicho la senti. Ukimletea ile senti moja ya zamani, ya enzi zile Marekani ilipokuwa ikizifua kubwa, nzito, za shaba tupu, angeishika kwa kingo, akaigeuza mara moja dirishani, akakutajia bei. Watu wa mashambani huko Vermont ya kaskazini hawakubishana naye. Walizitoa kwenye makopo ya vifungo na kwenye makoti ya marehemu wao, wakamletea pale dukani, na yeye akawaambia ukweli, hata ukweli ulipokuwa kwamba mzigo mzima haununui kikombe cha kahawa.

Moja tu hakuwahi kuimiliki: senti ya mnyororo, ya mwaka 1793. Upande mmoja ina mduara wa pete zilizoshikana. Upande wa pili ina mwanamke ambaye nywele zake zimeruka nyuma, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye nyumba isiyo na watu. Watu wa wakati ule waliichukia, ikaachwa mwaka uleule.

Novemba moja, theluji ya kwanza imeshaanguka, Bi Almeda Wheelock aliingia dukani na mkongojo wake, akafungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na senti mbili. Ya kulia ilikuwa ya kawaida. Ya kushoto ilikuwa ya mnyororo.

"Mbona umemeza ulimi?" bibi akamwuliza.

"Bibi, hii unaijua ni nini?"

"Naijua vizuri. Ilimfunga baba macho alipokufa, ikamfunga mama, ikawafunga dada zangu wote wawili. Tukishazika tunaiosha, tunairudisha kabatini."

"Ukiiuza unapata pikapu mpya."

"Niendeshe niende wapi, mwanangu? Nina miaka tisini na moja." Bi Almeda akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Sina mtu. Dwight, mtoto wa kaka yangu, yuko mbali, na hizi haziwezi. Wewe mikono yako haitetemeki. Siku yangu ikifika, niwekee wewe juu ya kope. Na usizitoe. Mimi ndiye wa mwisho wa ndugu zangu, nizikwe nazo."

Verna akaapa.

Bi Almeda alifariki Januari. Ansel Pruitt, mwenye nyumba ya mazishi, ambaye Verna alisoma naye tangu utoto, alimpeleka kwenye chumba cha nyuma, akamkabidhi ile leso.

"Haya, mchawi wangu, fanya mambo yako," alimtania kwa sauti ya chini, akatoka, akarudisha mlango.

Kabla ya kutoka nyumbani, Verna alikuwa ametia senti moja kuukuu mfukoni mwa koti, iliyolika hadi sura imefutika. Alijiambia hajui kwa nini. Sasa alijua. Hakuwa na shida ya fedha. Nyumba ilikuwa yake na duka lilikuwa lake. Ila miaka yote alikuwa ameshika vitu vya watu, akavisifu, akavirudisha. Aliweka ile ya kawaida jicho la kulia. Jicho la kushoto akaweka ile iliyolika. Mkono wake haukutetemeka kabisa, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Kule ardhi huganda kama chuma, haichimbiki hadi majira yabadilike. Majeneza hungoja kwenye chumba cha mawe kando ya makaburi. Bi Almeda akawekwa humo pamoja na wengine waliokufa majira yale, na Verna akarudi nyumbani na senti yake.

Aliilaza kwenye kisanduku chenye kitambaa laini, ndani ya kabati lake la senti, mnyororo ukiwa juu. Asubuhi akakuta mwanamke yuko juu, nywele zimeruka, anamtazama. Akadhani amekosea. Akaigeuza. Kesho yake, vilevile. Akaona pia unyevu mdogo umeizunguka, ingawa kabati lilikuwa kavu na kila senti nyingine humo ilikuwa kavu. Akaufuta. Ukarudi.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza. Aliamka kope imeshikamana, na juu yake uzito wa kitu baridi, cha duara. Ilimbidi alifungue kwa vidole. Daktari alilimulika, akasema ni zima. Wateja walipokuja, aliwatazama kwa jicho moja, na kwa mara ya kwanza alikosea tarehe ya senti mbele ya mtu.

"Umechoka, dada," mteja alimwambia.

"Sijachoka," alisema. "Natazamwa."

Aprili, barabara zikageuka tope. Verna akasikia wachimbaji wameshaanza kazi makaburini, akaitia senti ya mnyororo mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa Ansel.

"Nifungulie Bi Almeda."

"Verna, una wazimu?"

"Nilimwibia."

Ansel akachukua bisibisi, wakaenda makaburini. Ndani ya chumba cha mawe mlikuwa na baridi kali kuliko nje, ingawa mlango waliuacha wazi na jua lilikuwa linawaka. Ansel alilegeza skrubu moja moja, akainua kifuniko.

Senti ya kulia ilikuwa mahali pake. Ya kushoto ilikuwa imeteleza hadi shingoni, na kope ya Bi Almeda ilikuwa imeinuka kidogo.

"Niliifunga mimi mwenyewe," Ansel alinong'ona. "Naapa niliifunga."

Verna akaishusha ile kope kwa kidole gumba. Akaweka senti ya mnyororo, akaishikilia hapo mpaka shaba ikapata baridi ya ngozi. Haikuteleza.

Walimzika alasiri ileile. Dwight alikuwa amekuja, mtu mnene mwenye viatu vya mjini, na wachimbaji walipoanza kurudishia udongo alimsogelea Verna.

"Shangazi alikuwa na vijisenti vyake vya macho. Vilikuwa na thamani?"

Verna hakuweza tena kudanganya mtu wa ukoo ule. "Kimoja kilikuwa na bei ya pikapu mpya. Kipo humo."

Dwight aliangalia shimo. Koleo zilikuwa zinaendelea. Ungeona anapiga hesabu, kisha ungeona anaiacha.

"Nilipokuwa mdogo," alisema, "nilikichukua kabatini nikakichezea. Mama alinipiga nikalia, lakini kilichoniliza si kipigo." Akapandisha kola ya koti. "Waambie waongeze udongo."

Wakaenda wote ukumbi wa kanisa kula maharage ya kuoka na nyama ya nguruwe. Verna alikula sahani mbili, akijipangusa jicho la kushoto kila mara kwa leso ya karatasi, maana lilikuwa linatoa machozi peke yake.